Hesabu ya Kuku kwa Mtu Aanzaye Biashara Ndogo

Wasomaji wetu, hapana kijiji huku kwetu kisicho na kuku, wala hapana mtu mzima asiyejua kuwaita kuku jioni wakaja. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ya kuwa biashara ya kuku haihitaji mafundisho. Mtu akipata fedha kidogo, ama kwa kuuza mpunga, ama kwa bahati ya dhahabu, husema, "Nitafuga kuku," kama asemavyo, "Nitakwenda kuoga." Lakini kufuga kuku na kufanya biashara ya kuku ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza tulifundishwa na mama zetu. La pili ni kazi ya kalamu na daftari, na hilo ndilo tutakalo kulieleza leo.

Jambo lililotusukuma kuandika ni hili. Hapa Bugarama, katika nchi ya Msalala, kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Kakola, yupo jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, mjane. Sisi twamwita Mayu, kama ilivyo desturi ya Usukumani kumwita mama yeyote. Siku moja jioni alikuja kwetu akiwa na daftari la shule la mjukuu wake na fedha shilingi 600,000 zilizofungwa katika kitambaa. Fedha hizo zilikuwa bei ya ng'ombe wa mwisho aliyeachiwa na marehemu mumewe. Baada ya kuamkiana aliketi, akasema, "Baba, wewe ni karani, umezoea hesabu za watu. Nisomee hizi zangu. Kesho gari linakwenda Kahama, nataka kuagiza vifaranga 200 vya kuku wa nyama. Wiki 6 tu, nami nitakuwa nimepata ng'ombe wawili."

Tulifungua daftari. Palikuwa na mistari mitatu tu. Vifaranga 200 kwa shilingi 1,800 kila kimoja, jumla 360,000. Kutengeneza banda, 90,000. Chakula mifuko 2 kwa 75,000 kila mmoja, jumla 150,000. Zote pamoja 600,000 kamili, wala haikubaki hata senti moja. Chini yake mjukuu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: kuku 200 mara 9,000 ni 1,800,000.

Basi tukamwuliza, "Mayu, kuku mmoja wa nyama hula kiasi gani tangu kuja kwake hata kuuzwa?" Akajibu kwamba hajui, ila mwuzaji alimwambia mifuko 2 yatosha kuanzia. Neno "kuanzia" ndilo lenye mtego, na wasomaji wetu walizingatie sana.

Kuku wa nyama hufugwa wiki 5 hata 6, na katika muda huo kila mmoja hula kilo 3 na nusu hivi za chakula. Kwa wiki ya kwanza hula kidogo mno, hivi kwamba mwenyewe hufurahi akaona mfuko haupungui. Wiki ya pili hula mara mbili na zaidi, na wiki ya tano hula kilo nzima na ziada. Kwa hiyo vifaranga 200 huweza kumaliza kilo 100, yaani ile mifuko 2 ya Mayu, kabla ya wiki 2 kutimia. Wakati huo bado ni wadogo, hawauziki kwa mtu yeyote, na kila asubuhi wanapiga kelele za njaa. Wengi walioshindwa katika biashara hii hawakushindwa kwa ugonjwa wala kwa wezi. Walishindwa katika wiki ya tatu, mfuko ulipokwisha na fedha zimekwisha, wakaanza kuwapa kuku pumba tupu. Kuku wakadumaa, na kuku wa nyama akidumaa hana mnunuzi.

Tuliandika hesabu upya, mstari kwa mstari, naye Mayu akitutajia bei za huku kwetu. Hatusemi ya kuwa bei hizo ndizo za kila mahali wala za kila mwezi; msomaji na atie bei za soko lake, lakini mistari aiache ilivyo. Vifaranga 200, shilingi 360,000. Chakula kilo 700, ndiyo mifuko 14, shilingi 1,050,000. Chanjo na dawa, 50,000. Mkaa wa kuwapa joto usiku, 60,000, kwa maana kifaranga asiye na mama hutaka joto la nyuzi 32 hata 35 katika wiki ya kwanza, na kila wiki hupunguzwa kidogo kidogo. Pumba za kutandika sakafuni, 20,000. Nauli na uchukuzi, 40,000. Jumla ni 1,580,000, na banda bado halijahesabiwa.

Tena katika vifaranga 200 si wote wapatao umri wa kuuzwa. Wakifa 10 tu, mfugaji ashukuru, amefanya kazi nzuri. Wabaki 190. Ukizigawanya zile 1,580,000 kwa 190 utaona ya kuwa kila kuku aliye hai amekugharimu shilingi 8,300 na zaidi kidogo. Hiyo ndiyo namba ambayo mwenye biashara apaswa kuijua kabla ya kununua hata kifaranga kimoja. Akiuza kwa 9,000 atapata faida 130,000. Akiuza kwa 8,500 atapata 35,000. Mnunuzi akishikilia 8,000, ni hasara ya 60,000. Na wakifa 30 badala ya 10, hata bei ya 9,000 haimwokoi: atauza 170, apate 1,530,000, yaani hasara ya 50,000. Shilingi mia tano za mapatano na mama lishe ndizo zinazotenga faida na hasara.

Mayu aliposikia hayo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mbona jirani yangu wa kule sokoni anapata?" Ni kweli, wapo wapatao. Yule amtajaye anafuga mwaka wa nne sasa, anachanganya chakula mwenyewe, naye ana wanunuzi watatu wa migahawa wanaomngoja kwa siku maalumu. Faida yake haikutoka katika kuku, ilitoka katika chakula na katika mnunuzi. Hayo mawili yastahili kuelezwa zaidi.

Kwanza mnunuzi. Kuku wa nyama huku kwetu huuzwa kwa kichwa, hauzwi kwa kilo. Akifika wiki ya sita, hakungoji. Kuku 190 wa umri huo hula zaidi ya kilo 30 kwa siku moja, nazo kwa bei ya 1,500 kwa kilo ni shilingi 45,000 na zaidi. Mnunuzi akikuambia, "Nitakuja Jumamosi," nawe leo ni Jumatano, amekula shilingi zaidi ya 130,000 bila kuonja nyama. Ndiyo faida yako yote ya bei nzuri. Kwa hiyo mnunuzi hutafutwa kabla ya vifaranga, wala si baada ya kuku kukomaa. Na mali kauli, yaani kumpa mtu kuku aje alipe atakapouza, sisi twaona haifai kwa anayeanza, hata mkopaji awe shemeji yake. Mwenye mtaji mdogo hana pa kuegemea fedha zikichelewa, na vifaranga vya zamu ya pili havinunuliwi kwa ahadi.

Tena sisi tuliokaa karibu na dhahabu tuna hatari yetu wenyewe. Soko letu ni tumbo la mchimbaji. Madini yakitoka, kuku huuzwa hata jogoo mzee. Yasipotoka, watu hula dagaa. Wakubwa wengi hapa wanakumbuka mwaka 2017, serikali ilipozuia mchanga wa madini kupelekwa nje ya nchi, na mgodi wa Bulyanhulu, uliokuwa umefanya kazi tangu mwaka 2001, ukapunguza kazi yake sana hata uchimbaji wa chini ya ardhi ukasimama mpaka mwaka 2020. Mamia ya watu waliondoka. Vyumba vya kupanga vilibaki wazi, migahawa ikafungwa, na wenye mabanda ya kuku wa nyama wakawapakia kuku katika matenga kwenda kutafuta bei Kahama. Mwenye kuanza biashara leo na ajiulize: mgodi ukilala mwezi mmoja, nani atakula kuku wangu? Kama hana jibu, na apunguze idadi.

Pili ni chakula. Katika hesabu ya Mayu chakula kilikuwa 1,050,000 kati ya 1,580,000, yaani karibu theluthi mbili ya gharama zote. Asiyeweza kupunguza hapo, hawezi kupunguza popote. Na sisi wa nchi hii tumejaliwa: pumba za mpunga za Kahama, mahindi, dagaa wa ziwani, mashudu ya alizeti. Lakini kila kimoja kina hila yake. Dagaa wengi huanikwa juu ya mchanga, na mchanga una uzito. Watie konzi moja katika ndoo ya maji, ukoroge, uone kilichozama, ndipo utajua umenunua samaki au umenunua ufuko. Mahindi yaliyoota ukungu usidhani ya kuwa yafaa kwa kuku kwa kuwa hayafai kwa mtu. Yana sumukuvu, nayo huharibu ini la kuku kama iharibuvyo ini la mwanadamu. Na mashudu ya pamba, ambayo Shinyanga yetu inayo kwa wingi kwa sababu ya mashine za kuchambulia pamba, yana sumu yake ya asili. Ng'ombe mzima huistahimili, lakini kuku wa mayai akipewa mengi, kiini cha yai hugeuka rangi kikawa cha kijani kama zeituni, na mnunuzi akilivunja mara moja hatarudi. Afadhali mashudu ya alizeti.

Jambo moja zaidi kwa wakaao karibu na makarasha na sehemu za kuoshea dhahabu: msiwaache kuku wakachokore huko. Zebaki ikamatayo dhahabu ni sumu, na kuku hachagui anachodonoa. Yai hilo ni la mtoto wako.

Kuna waliotuuliza habari za kuku wa mayai. Kwa kifupi, hiyo ni biashara nzuri kwa mwenye fedha za kungoja. Kifaranga cha kuku wa mayai huanza kutaga kikifika wiki 18 hata 20, na mpaka hapo amekula kilo 8 hivi. Tuseme kifaranga 3,000, na chakula kilo 8 kwa 1,300, ni 10,400: kila kuku amekugharimu 13,400 kabla ya yai la kwanza, na kuku 100 ni 1,340,000. Wakianza kutaga, kuku 100 hula kilo 11 na nusu kwa siku. Kwa 1,400 kila kilo, ni 16,100. Wakitaga mayai 80 kwa siku, ni trei 2 na mayai 20. Kwa 9,000 kila trei ya mayai 30, ni 24,000. Ziada ya siku moja ni 7,900, na dawa haijatolewa. Gawanya 1,340,000 kwa 7,900, utaona siku 170. Basi tangu siku ya kununua vifaranga hata siku ya kurudisha fedha zako ni karibu miezi 10. Baada ya hapo ndipo faida ianzapo. Mjane mwenye shilingi 600,000 na wajukuu wanne hawezi kungoja hivyo.

Ikabaki kuku wa kienyeji, yule yule wa mama zetu. Mayu hakupendezwa. Alisema, "Hao ninao tangu nizaliwe, wala sijaona ng'ombe." Nasi tukamwambia kwamba hajaona ng'ombe kwa sababu mbili, ya kwanza mdondo, ya pili mwewe na baridi. Kwa habari ya mdondo tulimsimulia yaliyotupata sisi wenyewe, nasi twayasimulia hapa bila kuona haya, ili yamfae mtu.

Mwaka 2019 tulikuwa na kuku 47 nyumbani. Tuliwahesabu kama fedha za sare, madaftari na godoro la binti yetu aliyekuwa akienda kuanza shule ya sekondari ya bweni. Tulijua habari za chanjo. Tulikwisha kuwaandikia wengine barua za kuiomba. Lakini chupa moja ni ya kuku mamia, nasi tukaona ni upotevu kuinunua kwa ajili ya kuku 47 tu. Tukasema tutangoja mpaka wazidi. Ikafika kiangazi. Jumatatu kuku mmoja alisimama kivulini, kichwa chini, kinyesi cha kijani. Jumanne walikuwa 6. Wengine shingo zilipinda kama mtu atazamaye nyuma. Jumapili tuliporudi kanisani walikuwa wamebaki 4. Binti alikwenda shule na godoro la kuazima, wala hakusema neno, na hilo la kutosema ndilo lililotuchoma zaidi.

Ugonjwa huo, ambao wengine huuita kideri, ulijulikana na wataalamu mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza, kwa hiyo Wazungu huutaja kwa jina la mji huo. Dawa ya kuuponya haipo mpaka leo. Mwarobaini, pilipili, majivu, hayo yote hutuliza moyo wa mwenye kuku tu. Lakini kinga ipo, na ni rahisi. Chanjo iitwayo I-2 ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji vya nchi za joto, kwa kuwa hustahimili joto kuliko chanjo nyingine. Huku kwetu hutengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania kwa jina la TEMEVAC. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kuku awe mzima. Kumchanja aliyekwisha kuugua ni kuchelewa. Na gharama yake kwa kuku mmoja haifiki bei ya yai moja.

Lile kosa letu la chupa tulilirekebisha hivi. Nyumba 9 za kitongoji chetu zilipatana siku moja ya mwezi. Kila nyumba hutoa fedha kwa idadi ya kuku wake. Kijana mmoja huenda kuleta chupa katika chombo chenye ubaridi. Na siku hiyo hiyo, alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, huzunguka nyumba kwa nyumba. Kuku wa jirani asiyechanja ni hatari kwa wako, kwa hiyo hata mvivu hubembelezwa. Tangu hapo mdondo umepita kijijini mara mbili, na kitongoji chetu haukukiua kama ulivyoua vingine.

Haya, turudi kwa Mayu. Tulimwandikia hesabu nyingine. Kuku majike 6 kwa 15,000 ni 90,000, jogoo mmoja mzuri 20,000. Banda 90,000. Chanjo na dawa za mwaka 30,000. Jumla 230,000. Kuku mwenye kuatamia mayai 12 huweza kuangua 10, siku ya 21. Akiachwa azurure navyo, mwewe, baridi, paka na kiangazi huchukua vingi, wabaki labda 3. Lakini vifaranga vikifungiwa ndani ya tenga kubwa au chumba kikavu kwa wiki 4 za kwanza, vikapewa chakula chao peke yao na maji safi, huweza kupona 6 au 7. Tena mama yao akitengwa navyo baada ya wiki 4 hizo, hurudi kutaga mapema. Mizao 3 kwa mwaka si jambo la ajabu.

Tukasema, basi, wapone 6. Majike 6, mizao 3, ni kuku 108. Kila mmoja hukua miezi 6 akijitafutia mwenyewe, lakini ajitafutiacho hakitoshi. Tulimhesabia kilo 7 za pumba, mahindi mabovu ya ukubwa (si ya ukungu) na dagaa kidogo, kwa 700 kila kilo, na chanjo, na hasara ndogo ndogo, tukaweka 6,000 kila kuku. Akiuzwa kwa 13,000, jogoo na jike kwa wastani, ziada ni 7,000. Mara 108 ni 756,000. Toa 90,000 ya chakula cha wale wazazi 7 kwa mwaka. Yabaki 666,000. Na wakipona 3 badala ya 6, yabaki 288,000. Hivyo tenga la vifaranga ni mali kuliko jogoo wa mbegu.

Mayu alitutazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kudanganywa na kalamu. "Fedha hizo nitaziona lini?" Hilo lilikuwa swali bora kuliko yote ya jioni ile. Tulimjibu ukweli: kuku wa kwanza hawatauzwa kabla ya mwezi wa nane. Katika miezi hiyo chakula cha wazazi na cha mizao miwili ya kwanza kitakula karibu 285,000. Pamoja na zile 230,000 ni 515,000. Zitabaki 85,000, nazo asiziguse ila kwa ajili ya kuku. Maana yake ni kwamba chakula cha wajukuu kwa miezi 8 lazima kitoke shambani, kisitoke katika kitambaa kile. Kama shamba haliwezi, biashara hii haimfai, na ni heri abaki na fedha zake.

Wengine watasema, kwa nini asikope akafuga wengi? Mikopo ya halmashauri ipo, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024, nayo haina riba. Ni msaada mwema. Lakini hutolewa kwa vikundi, na marejesho huwa na tarehe, na kuku hajui tarehe. Sisi twaona mtu afuge mwaka mmoja kwa fedha zake chache, apate daftari lenye mwaka mzima ndani yake, ndipo aende kuomba. Daftari hilo ni bora kuliko andiko lolote la kununuliwa kwa mwandishi wa mjini.

Tena wapo wanaosifu kuku chotara, Kuroiler na Sasso, walioingizwa nchini miaka hii. Hukua upesi na hutaga mengi kuliko wa kienyeji, hilo ni kweli. Lakini hawaatamii vema, hivyo kila zamu utarudi kununua vifaranga, na vifaranga hununuliwa kwa fedha taslimu. Sisi wenyewe tuliwahi kuuziwa vifaranga 40 tukaambiwa ni majike. Wakakua, wakawika 31. Mwuzaji alicheka tu. Kwa hiyo, anayenunua vifaranga na ashike risiti yenye idadi, aina na tarehe.

Usiku ule Mayu alizifunga fedha zake akaondoka bila kusema atakalofanya. Gari la Kahama lilikwenda asubuhi bila yeye. Baada ya wiki 2 tulimwona akirudi kutoka mnadani na majike 6 wamefungwa miguu, na jogoo mwenye shingo ndefu wa asili ya kuchi, ambaye kwa macho yetu alikuwa wa bei kubwa kuliko tulivyoandika. Hatukusema kitu.

Sasa yapata miezi 11. Wiki iliyopita alituita tukague daftari. Katika majike 6, mmoja alikataa kuatamia, akachinjwa. Watano waliobaki waliangua vifaranga 46 katika uzao wa kwanza, wakapona 29; mwewe alipata 3 siku mjukuu aliposahau kufunga tenga, na mvua ya usiku ikaua wengi zaidi. Uzao wa pili walipona 33. Amekwisha kuuza 22 wa kwanza kwa shilingi 291,000. Haijafika fedha ya ng'ombe, wala haitafika mwaka huu. Hesabu zake zimeandikwa vizuri, mwandiko ni wa mjukuu.

Ila tuligundua upungufu. Uzao wa kwanza wamepona 29, wameuzwa 22, katika banda wako 3 waliowekwa kwa mbegu. Wanne hawapo. Tukamwuliza kama waliibwa. Mayu akaona haya kidogo, akasema, "Baba, mmoja alikuja mkwe wangu. Mmoja Krismasi. Wawili mtoto alikuwa mgonjwa, nikampa mchuzi." Tukamwambia hakuna kosa, kuku ni wake, lakini na hao pia wana bei, 13,000 kila mmoja, ni 52,000, nazo ni mapato ya biashara ingawa zililiwa. Mjukuu akachukua rula, akachora mstari mwingine upande wa kulia wa daftari, akaandika juu yake: "Tuliokula wenyewe." Chini yake akaandika 4.